Taa ya Mlango wa Bibi Esperansia

Nyumbani kwangu Benaco huwezi kuwasha taa kwa kidole. Swichi ziko ukutani kama picha za watakatifu, za kutazamwa tu. Ukiibonyeza moja, utamsikia mume wangu akipiga kelele kutoka dukani kwamba umemharibia kazi. Taa zetu zinawashwa na simu. Simu ikiisha chaji tunakaa gizani, watu wazima na akili zetu. Nimeshakula chakula cha jioni kwa mwanga wa jiko la mkaa, na si kwa sababu ya umaskini. Ni kwa sababu ya utaalamu.

Mume wangu anaitwa Projestus. Ni Msubi wa Nyamahanga, kule Biharamulo, mtoto wa wakulima wa mihogo. Alikuja huku akiwa kijana kutengeneza redio na simu za madereva wa malori wanaolala Benaco kabla ya kuvuka mpaka. Mimi ni Mhangaza wa hapa hapa Ngara. Watu wananiita Mama Happy, na ninauza vocha, soda na maandazi kwenye nusu ya duka hilo hilo. Katikati tumetundika pazia, na nyuma ya pazia hilo ndiko ninakompoteza mume.

Huko nyuma anafungua balbu. Si balbu za kawaida, ni hizi za kuunganishwa na mtandao. Anasema za kiwandani zina tabia mbaya: ukitaka iwake, lazima kwanza ipeleke maombi kwa wenyewe ng'ambo, wenyewe wakubali, ndipo iwake. Mtandao ukikatika inakuwa kiziwi. "Balbu iko hapa juu ya kichwa changu," huwa ananiambia kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza, "kwa nini nipite ng'ambo ya bahari kuiwasha?" Basi anaichokonoa, anachomelea nyaya nyembamba kama nywele, anaifuta akili ya kiwandani na kuitia ya kwake. Nyingi zinafia mezani. Zinazopona zinakuja kunitesa mimi.

Juu ya rafu, kwenye maboksi ya betri, kuna kikompyuta kinachoenea kiganjani. Anakiita dalali. Vifaa vyote vinampa dalali habari, na dalali anazigawa kwa kila aliyeomba kuzisikia. Halafu kuna jambo analoliita itifaki. Mimi neno hilo nililijua kwenye mikutano, pale mgeni rasmi anaposimama na kusema itifaki imezingatiwa, na jua linawaka. Kwa Projestus, itifaki ni adabu ya vifaa kusalimiana. Kifaa kinasema shikamoo, dalali anaitikia marahaba, ndipo habari itolewe. Kisipoitikiwa kinarudia shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka betri iishe.

"Kama mimi na wewe," nilimwambia siku aliyonieleza.

Hakucheka. Siku hizi hacheki kirahisi, maana amechoka. Mgongo unamuuma kwa kuinama mezani, macho yamekuwa mekundu, na watu waliomzoea wanampigia simu hata akiwa kanisani. Televisheni imegoma, ruta haisomi, bando limeliwa na nani. Huwa namwambia, Baba Happy, zima hiyo simu, hata ng'ombe wa kulima hufunguliwa nira. Anasema sawa, kisha anapokea.

Sasa, habari ninayotaka kueleza ni ya Bibi Esperansia wa Bukiriro.

Bibi huyu alibaki peke yake kilimani tangu mzee wake afariki. Nyumba ya bati, migomba mbele, kahawa kidogo pembeni, kaburi la mumewe nyuma. Mwanawe Philbert ndiye mtoto wa Bukiriro aliyefika mbali: kazi ya ofisini Dar es Salaam, mke, watoto, nyumba ya geti. Masika moja bibi aliteleza akitoka jikoni, akalala kwenye matope mpaka jirani yake, Dafroza, alipopita kumjulia hali. Hakuvunjika popote. Lakini Philbert huko aliko alivunjika moyo, akamtafuta Projestus kwa simu.

"Fundi, mama simu hataki hata kuishika, kwa hiyo niwekee kamera sebuleni. Nataka nimwone mama yangu kila siku kwa macho yangu. Nikishindwa kumwona, nakuja kumchukua, akakae kwangu. Sitaki siku moja niambiwe na majirani."

Bibi alipoulizwa habari ya Dar, alijibu kwamba yeye hajawahi kulala kwenye nyumba isiyo na migomba, na hajui usingizi wa huko unakuwaje. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu: kamera ikifanya kazi, bibi anabaki kwake. Ikikataa, anapakiwa kwenye gari.

Kamera ilifungwa, na mwanzoni wote tukafurahi. Halafu ikaanza kuzima. Inazima mchana, inarudi. Inazima jioni, inarudi. Philbert anapiga simu, na Projestus anavaa buti na kupanda pikipiki kuelekea Bukiriro, vilima vyote vile, na utelezi wa wakati huo. Alibadilisha laini ya ruta. Akainua antena kwenye mlingoti. Akabadilisha soketi. Akaipa kamera anwani yake peke yake, kwa kuhisi kwamba vifaa viwili vilikuwa vinagombania anwani moja kama ndugu walioandikiwa shamba moja. Na kila akifika kule juu, anaikuta kamera nzima, inamtazama.

Akirudi alikuwa anakaa kitini bila kuvua buti, matope yanakauka sakafuni kwangu.

"Mama Happy, nimechoka."

"Irudishe hiyo kazi. Mwambie Philbert atafute fundi mwingine."

"Nikiirudisha, wanamwondoa yule mama."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli, na mtu akisema kweli amechoka hivyo huwezi hata kugombana naye vizuri.

Kisha Philbert akapiga simu ambayo niliisikia mwenyewe, maana Projestus aliiweka spika akiwa anashika nyaya. Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Fundi, wewe umejitahidi, sikulaumu. Pasaka nakuja na gari."

Nikamwambia mume wangu, kesho tunakwenda wote. Akaniuliza mimi ninajua nini kuhusu mtandao. Nikamjibu kwamba sijui kitu, ndiyo maana nataka kwenda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ya mwisho ilikuwa telezi tupu. Tukaiacha pikipiki kanisani, chini ya kilima, tukapanda kwa miguu. Projestus alipanda huku anahema, mkoba wa vifaa mgongoni, na mimi nyuma yake nikiwa na kilo ya sukari ya kumpelekea bibi. Tukafika kama saa sita na kitu. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Projestus, kwa haraka ya fundi, akabisha hodi huku tayari ameshaingia.

Niliona yote kwa mara moja. Plagi ya kamera ilikuwa imechomolewa, imelazwa vizuri juu ya kitambaa cha kufuma. Bibi Esperansia alikuwa kwenye mkeka, amegeukia ukuta, na sahani ya ndizi na maharage mapajani. Aliposikia sauti yetu alishtuka, akaifunika sahani kwa kanga na kufumba mdomo uliokuwa bado una chakula. Hakuweza kuitikia hodi wala kumeza. Mama mtu mzima yule, alikuwa ametazama chini kama msichana aliyekamatwa.

Nilimshika Projestus mkono, nikamvuta nje mpaka kwenye migomba.

"Plagi!" alikuwa ananong'ona. "Umeona? Ni yeye anayechomoa! Kila nikija..."

"Kila ukija anasikia pikipiki tangu iko bondeni, anairudisha. Leo tumekuja kwa miguu. Nyamaza."

"Kwa nini achomoe?"

"Wewe Msubi, hujaona alikuwa anafanya nini?"

Alikuwa hajaona. Kwao Nyamahanga mzee akila anakuita ukae, na asiyekaa anaonekana ana maringo. Na hapa kwetu watu wa leo hatuna habari. Tunakula chipsi stendi mbele ya basi zima. Lakini wanawake wa rika la Bibi Esperansia walilelewa kwingine. Kutafuna mbele ya mwanamume aliyekwisha kuoa, hata kama umemzaa mwenyewe, kwao ni aibu inayokaa mwilini. Nyanya yangu alikuwa hivyo hivyo. Baba yangu alizeeka bila kumwona mama yake akipeleka tonge mdomoni. Na Philbert alikwenda shule za bweni tangu mdogo. Hajawahi kumwona mama yake akila, na wala hajawahi kujiuliza kwa nini.

Tulisimama kwenye migomba, maji yakitudondokea, mpaka bibi alipokohoa ndani kwa sauti. Hapo tukabisha upya, kama ndiyo kwanza tunafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmenyeshewa."

Kamera ilikuwa imeshachomekwa. Sahani haikuwapo. Projestus alikwenda nje kwa kisingizio cha antena, na mimi nikakaa karibu na bibi, tukaongea Kihangaza chetu, taratibu. Alichonieleza hakikuwa kirefu. Mwanawe anampenda na anataka kumwona, na ni haki yake. Lakini atamwonaje anatafuna? Na huyo fundi, mwanamume mwenye mke, angemwelezaje habari za kula? Angemwambia Philbert asimtazame, Philbert angeona mama amemchoka. Chumbani hakuliwi, na jikoni kuna matope yale yaliyomwangusha, akaona bora achomoe kidogo, ale, achomeke. Hakujua kwamba kule Dar mwanawe alikuwa anapiga kelele.

"Nimejiponza mwenyewe," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na yangu pia.

Projestus alimpigia Philbert palepale na kumwambia kamera haifai kwa nyumba ile. Hakueleza sababu, nilimkanyaga mguu asieleze. Akasema ataweka kitu kingine. Philbert alikubali kwa shingo upande. Sharti lake lilikuwa moja: kila asubuhi kabla ya saa moja apate habari kwamba mama yake ameamka salama. Asubuhi itakayopita bila habari, anakuja.

Basi mume wangu akaingia tena nyuma ya pazia. Alichotengeneza ni vipande viwili vidogo: kimoja kwenye mlango, kingine kwenye fremu. Vikiachana, maana yake mlango umefunguliwa, na habari inakwenda. Kukitengeneza si kazi. Kazi ni kukifanya kiishi kule juu ambako umeme ni wa kubahatisha. Akakifundisha kulala. Kinalala muda wote, mlango ukiguswa kinaamka, kinasema shikamoo, kinatoa habari, kinasubiri marahaba, kinalala tena. Betri ndogo inakitosha miezi mingi.

"Hata mimi ningeyapenda maisha hayo," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nyingi kumsikia akitania.

Siku ya kukifunga, bibi alisogeza kigoda akakaa kumtazama. Akauliza, "Hiki nacho kina jicho?"

"Hapana, bibi. Hakioni kitu."

"Sasa kinajuaje kwamba ni mimi nimefungua?"

"Hakijui ni nani. Kinajua mlango tu."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani amefurahi.

Ujumbe aliouandika Projestus, wa kumwendea Philbert kupitia kwa dalali wetu, ulikuwa na maneno mawili: Mama ameamka. Na kwa kuwa hawezi kufanya jambo bila kuliongezea chumvi, akafunga balbu moja ndogo ya njano jikoni kwangu. Mlango wa Bukiriro ukifunguliwa, inawaka. Ukifungwa, inazima. Nililalamika sana, ila sikumwambia aitoe. Nikawa naamka kukanda maandazi, na katikati ya kukanda taa inawaka, najua bibi amesimama mlangoni anatazama migomba yake. Mlango wake hakuufunga mpaka giza, kama wazee wote wa kwetu. Mlango uliofungwa mchana ni wa mtu aliyesafiri au nyumba yenye ugomvi. Kwa hiyo taa yangu ilikuwa inawaka kutwa, na niliizoea kama mtu anavyozoea sauti ya jirani.

Pasaka ikapita bila gari. Bibi alinitumia mkungu wa ndizi kwa mtu aliyekuwa anashuka Benaco. Sifa za Projestus zikaenea, wenye wazazi vilimani wakaanza kumtafuta, na uchovu ukazidi. Alikuwa analala ameshika simu. Mara nyingine nilimwona amesimama katikati ya duka hajui alikuwa anafuata nini.

Mvua za vuli zilipokolea, taa yangu ikabadilika tabia. Asubuhi inawaka, nikigeuza maandazi tu imezima. Kutwa nzima haiwaki tena. Jioni inawaka kidogo, inazima. Nikamwambia Projestus.

"Betri inachoka," alinijibu, amelala kifudifudi, mimi nikimkanda mgongo. "Au unyevu umeingia. Habari zinafika kwa Philbert, si zinafika?"

"Zinafika."

"Basi niache nilale."

Nikamwacha alale. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakaa na ile taa, si yeye. Mlango wa bibi ulikuwa unafungwa mchana, na bibi hakuwa msafiri wala hakuwa na wa kugombana naye. Siku iliyofuata nikampakia betri mpya mkobani mwenyewe, nikamwambia twende, na kama ni betri nitakuomba radhi mbele ya Padri.

Haikuwa betri.

Dafroza, yule jirani, ndiye aliyetufungulia. Alipotuona alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie, kisha akachoka na kutupisha. Chumbani, Bibi Esperansia alikuwa kitandani. Miguu ilikuwa imevimba, na mikono imekuwa vijiti. Hakuwa ameamka kwa miguu yake tangu mvua zilipoanza. Mganga wa zahanati alikuwa amekuja, akamwachia dawa za maumivu, akamwambia Dafroza kwamba moyo umechoka, ni uzee, asisumbuliwe na safari. Dafroza alikuwa anakuja kila alfajiri kabla hajakwenda shambani. Anafungua mlango ili habari iende, anaufunga kwa sababu ya baridi, ndipo anamwosha na kumlisha. Jioni vivyo hivyo.

"Ninyi mliniambia kinajua mlango tu," bibi alisema. Hakusema kwa ujanja. Alisema kama mtoto anayemkumbusha mkubwa ahadi yake.

Projestus alikaa chini sakafuni, mkoba bado mgongoni.

"Bibi, Philbert anaamini unaamka."

"Najua. Ndiyo maana bado nipo kwangu." Akapumzika kidogo, maana kuongea kulimchosha. "Wanangu, sina ugomvi na Dar. Ila nikienda kule nitarudishwa kwenye sanduku. Mimi nataka nitoke hapa kitandani niende hapo nyuma kwa mzee, basi. Ni hatua chache. Msimwambie."

Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwambia sitamwambia, na nilikuwa namaanisha, na papo hapo nikamwonea Philbert huruma. Mwanamume mzima, kila asubuhi anasoma Mama ameamka, anakunywa chai yake na kwenda kazini kwa amani. Mwana naye ana uchungu wake.

Tukarudi Benaco. Projestus hakufungua duka. Akakaa mbele ya dalali, na mimi nikasimama kwenye pazia, nikaanza kumsema. Nilisema mengi. Kwamba tumejiingiza katika familia ya watu. Kwamba tukisema, tunamfukuza bibi kwake. Tukinyamaza, siku yoyote atakufa, na mwanawe atauliza mlijua tangu lini. Kwamba haya yote yametokana na yeye kushindwa kukaa na redio zake kama mafundi wengine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi sikumwahidi bibi kitu," alisema. "Wewe ndiye uliyeahidi. Na sitamwambia Philbert kitu. Lakini kifaa changu kimekuwa kinasema jambo kisilolijua, na hayo maneno niliyaandika mimi."

Akafuta Mama ameamka. Akaandika Mlango umefunguliwa. Akapitisha kiganja usoni, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi taa yangu iliwaka, ikazima. Kabla maandazi ya kwanza hayajaiva simu yake ikaita. Nilimpelekea kitandani, akaiweka spika kifuani.

"Fundi, leo ujumbe umekuja na maneno mengine."

"Ndiyo, kaka."

"Mbona umebadilisha?"

"Kwa sababu hayo ndiyo kinayoyajua. Kinajua mlango. Tangu mwanzo kilikuwa kinajua mlango tu."

Tulisikia magari ya Dar, honi, mtu anauza kitu.

"Na mama?"

"Mama yako uje umwone mwenyewe."

Alikuja, na alikuja na gari. Alilikodi Mwanza, pamoja na dereva, na nyuma kulikuwa na godoro jipya lililofungwa kamba. Alisimama dukani kwangu, mwanamume mnene aliyeanza mvi, akamwambia Projestus maneno ambayo sitayarudia. Projestus hakujitetea. Alisema tu, "Twende, kaka, utelezi unazidi." Tukapanda wote. Gari likaishia kanisani kama pikipiki yetu siku ile.

Bibi alipomwona mwanawe mlangoni alifunika uso kwa shuka, akalia. Philbert alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mama, umenidanganya," na sauti ikamkatika, akalia na yeye. Alimweleza kuhusu hospitali kubwa, chumba alichomwandalia, wajukuu. Bibi hakubisha. Alimpapasa kichwa tu, kama anayesikiliza habari za nchi ya watu. Sisi tulibaki sebuleni tukitazama miguu yetu.

Kisha Dafroza akatoka jikoni na sahani ya ndizi. Ilikuwa saa ya bibi kula, na tangu asubuhi alikuwa hajaonja kitu. Dafroza akasimama na sahani, hajui aende wapi. Kwa kawaida ni yeye aliyemwinua bibi na kumwegemeza, kwa sababu peke yake hakuweza kukaa; lakini alikuwa amejitegua bega shambani jana yake. Mimi nikasogea nimsaidie. Bibi akatazama sahani, akamtazama mwanawe, akageukia ukuta.

"Baadaye," alisema. "Sina njaa."

Philbert akanitazama. Nikamvuta pembeni na kumwambia. Ile habari ya kamera, plagi, na kitambaa cha kufuma, nilimwambia yote kwa sauti ya chini. Nilimwona anavyokumbuka utoto wake, meza kwa meza, na mama yake hayupo hata kwenye moja.

Alivua viatu. Akamwinua mama yake taratibu mpaka akakaa, kisha akapanda kitandani nyuma yake, akageuka akatazama mlango, akampa mama yake mgongo wake auegemee. Bibi akaegemea. Dafroza akaweka sahani mapajani mwake na kutoka, na sote tukatoka isipokuwa Philbert, ambaye tulimwona kupitia mlangoni amekaa wima, mikono magotini, macho mbele. Nyuma yake tulisikia kijiko kikigonga sahani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa sababu angejitikisa na mama angemwaga chakula.

Kijiko kilipotulia aliita, bila kugeuka. "Fundi."

"Naam."

"Shuka ukamwambie dereva arudi Mwanza. Godoro aliache. Na hicho kitu cha mlangoni, kitoe. Mlango nitaufungua mimi."

Projestus alikifungua skrubu zake akakitia mfukoni. Tulifika nyumbani jioni tumelowa, tukalala hivyo hivyo, bila chakula. Asubuhi niliamka nikawasha jiko. Nikakanda unga, huku nikiangalia juu kwa mazoea.

Kutoka chumbani Projestus aliuliza, na sauti yake bado ina usingizi, "Imewaka?"

"Haijawaka," nikamwambia. "Lala."